King'ora cha moshi kikiharibika, mwenye nyumba aitike siku hiyo hiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowasumbua wapangaji wengi, na ambalo wenye nyumba wengi hulichukua kuwa ni kelele tu za darini: ving'ora vya moshi vinavyotumia umeme wa nyumba, ambavyo vimeharibika na havitengenezwi. Moto unapounguza nyumba ya kupanga, maswali huanza kesho yake. Watu huuliza kama king'ora kilikuwepo, kama kililia, na kama kilizimwa, ni nani aliyekizima. Kwa maoni yangu, swali linalopaswa kutangulia hayo yote ni lini mwenye nyumba aliarifiwa kwamba king'ora kina hitilafu, na alifanya nini baada ya kuarifiwa. Nasema hivyo kwa sababu mara nyingi king'ora cha aina hii hakifi kimyakimya. Huanza kulalamika mapema, tena kwa sauti, na anayelala chini yake akikisikia ni mpangaji, ambaye hana utaalamu, mamlaka wala ruhusa ya kukitengeneza.

Ipo tofauti kubwa kati ya king'ora cha betri peke yake, ambacho mtu yeyote anaweza kukishusha na kukibadilishia betri, na hiki kilichounganishwa na nyaya za nyumba. Hiki hupata umeme kutoka kwenye boksi la umeme kwa waya uliopitishwa juu ya dari, na ndani yake huwa na betri ya akiba ili kiendelee kulinda nyumba umeme unapokatika. Aghalabu ving'ora vya vyumba mbalimbali huunganishwa pamoja, ama kwa waya wa ziada ama kwa mawimbi ya redio, ili kimoja kikigundua moshi jikoni vyote vilie, hata kile kilicho karibu na chumba cha mwisho anakolala mtoto. Ni mpango mzuri, na kwa nyumba ya kupanga sijaona unaoushinda. Lakini uzuri huo huo ndio unaofanya ubovu wake uwe mzito kwa mpangaji aliyeachwa peke yake. Kimoja kikilia ovyo, nyumba nzima hulia. Akikata umeme kwenye boksi, betri ya akiba hukiwezesha kuendelea kulia. Akikichomoa, hubakiwa na kitako kilichokazwa kwenye dari chenye nyaya ambazo, swichi ikiwa haijazimwa, bado zina umeme.

Hitilafu inayojulikana zaidi ni ule mlio mfupi wa mara moja, unaofuatwa na kimya cha kiasi cha nusu dakika au dakika nzima, kisha mlio mwingine. Huo si mlio wa moto. Kwa kawaida ni taarifa kwamba betri ya akiba imechoka, au kwamba king'ora chenyewe kimefikia mwisho wa maisha yake, na baadhi ya watengenezaji huzitofautisha taarifa hizo kwa idadi ya milio au kwa taa inayomweka. Wapangaji wengi wamejiuliza kwa nini mlio huo huchagua usiku wa manane. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: betri iliyokaribia kuisha hutoa nguvu kidogo zaidi joto linaposhuka, na saa za kuelekea alfajiri ndizo zenye ubaridi kuliko zote, kwa hiyo nguvu yake hushuka chini ya kiwango kinachotakiwa na king'ora huanza kulia. Jua likipanda na nyumba ikapata joto, betri huinuka kidogo na mlio hukoma. Ndiyo maana mwenye nyumba akija mchana hasikii kitu, humtazama mpangaji kana kwamba ameota, akaondoka zake.

Inafaa wote wawili waelewe kwamba kunyamaza huko si kupona. Kwenye ving'ora vingi vya umeme ipo taa ndogo ya kijani inayoonyesha kwamba umeme unafika. Taa hiyo ikiwa imezimika ilhali taa za vyumbani zinawaka, basi huenda swichi ya king'ora imejizima kwenye boksi, au waya umelegea kwenye kitako, na kifaa kinaishi kwa betri peke yake hadi iishe. Hali hiyo huwapata pia wale wanaolipia umeme kabla ya kuutumia: salio likiisha, king'ora hubaki kikitegemea betri, na kama betri hiyo ilikuwa imechoka tangu mwanzo, nyumba hiyo haina ulinzi wowote usiku huo. Wenye nyumba wengi hudhani kwamba kwa kuwa kifaa kimeungwa na umeme, betri yake si jambo la kuangaliwa. Hawajui kwamba ndiyo inayobeba mzigo wote gizani.

Hitilafu ya pili ni kinyume cha hiyo: king'ora kinacholia kwa nguvu zake zote wakati hakuna moto. Hapa chanzo hutofautiana, na kukitafuta kunahitaji subira. Kuna ving'ora vinavyotambua moshi kwa mwale wa mwanga, ambao moshi ukiingia hutawanyika na kuangukia kihisi. Vingine hutumia chembe ndogo sana ya madini yenye mnunurisho, amerisi-241, ili kupitisha mkondo hafifu wa umeme ambao moshi huuvuruga. Aina ya kwanza huwahi kutambua moto unaofuka polepole, kama ule wa godoro lililoshika cheche. Aina ya pili huwahi moto wenye ndimi, lakini husumbua zaidi inapowekwa karibu na jiko, kwa kuwa hata mvuke wa mafuta ya kukaangia huiamsha. Kwa aina zote mbili, vumbi lililojikusanya ndani, mdudu mdogo aliyejenga humo au mvuke mzito wa bafu lililo jirani unaweza kuleta kelele zile zile. Kwa hiyo king'ora kinacholia kila mnapopika huenda hakina ubovu hata kidogo, ila kimewekwa pasipofaa au ni cha aina isiyofaa mahali pale, na kukihamisha ni kazi ya fundi umeme anayelipwa na mwenye nyumba. Niongeze hapa kwamba ile chembe ya amerisi haina madhara ikiwa imefungwa ndani ya kifaa, lakini ni sababu ya kutosha ya kutokipasua king'ora kwa nyundo au bisibisi kwa hasira, jambo ambalo watu hulifanya.

Katika nyumba iliyounganishwa ving'ora vyote, kazi ya kwanza ni kujua ni kipi kilichoanza. Vifaa vingi hutoa dalili: kile kilichogundua moshi, au kinachodhani kimegundua, humweka taa nyekundu kwa kasi, wakati vingine vinalia tu kwa kufuata. Kwenye vifaa vingi, kubonyeza kitufe cha kunyamazisha cha kile kilichoanza hunyamazisha nyumba nzima kwa dakika kadhaa. Mpangaji anayejua jambo hilo dogo anaweza kumwambia fundi moja kwa moja, "Ni kile cha koridoni," badala ya fundi kuja, kubonyeza vyote, kuvikuta vimetulia, na kuandika kwamba hakuona tatizo.

Nimewahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo. King'ora cha korido kililia ovyo kwa majuma kadhaa, na kila tulipomwarifu msimamizi alijibu kwamba kitanyamaza chenyewe au kwamba fundi yuko njiani. Jirani wa ghorofa ya juu, mwenye mtoto mchanga, alichoka, akakizungusha chake na kukitoa, akakiweka kabatini kikiwa kimefungwa kwa taulo. Simlaumu hata leo. Fundi alipokuja hatimaye na kukishusha cha kwetu, alinionyesha mambo ambayo yeyote angeyaona kama angepanda ngazi: plastiki iliyokuwa nyeupe ilikuwa imegeuka manjano, sehemu ya matundu ya kuingizia moshi ilikuwa imezibwa na rangi ya dari, kwa kuwa mpaka rangi alipita juu yake bila kukifunika, na mgongoni palikuwa na tarehe ya kutengenezwa iliyopitwa na zaidi ya miaka 10. Hapakuwa na fumbo lolote. Kifaa kilikuwa kimemaliza muda wake, na kimeharibiwa kwa ukarabati uliolipiwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Miaka 10 niliyoitaja ndiyo kipimo kinachotumiwa na watengenezaji na wataalamu wa zimamoto katika nchi nyingi, na huhesabiwa kuanzia tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye kifaa, wala si siku kilipofungwa. Baada ya hapo kihisi hakitegemewi tena, hata kama kitufe cha majaribio bado kinatoa sauti kali. Kitufe hicho, ninavyoelewa, huthibitisha kwamba kipaza sauti na umeme vipo; hakiwezi kumwahidi mtu kwamba kihisi cha zamani kitautambua moshi kwa wakati. Ving'ora vilivyounganishwa na kufungwa siku moja huzeeka pamoja, kwa hiyo mwenye nyumba anayebadilisha kimoja kwa mwaka ili kupunguza gharama anajitafutia matatizo, hasa akinunua chapa tofauti ambayo haielewani na zile zilizobaki. Ving'ora vya chapa mbalimbali kwa kawaida haviunganiki, na kuvilazimisha kwenye waya mmoja kunaweza kuvifanya vyote vishindwe kuitana.

Nimewasikia wenye nyumba wakijitetea, na utetezi wao una ukweli ndani yake. Wanasema wapangaji hutoa betri na kuzitia kwenye vifaa vingine, hufunika ving'ora kwa mifuko ya plastiki wanapopika, na hawasemi chochote hadi siku ya ukaguzi. Hayo hutokea. Lakini ukimfuatilia mpangaji aliyefunika king'ora, mara nyingi utamkuta ni yule aliyewahi kuomba msaada akapigwa danadana kati ya dalali, msimamizi na fundi, hadi akachagua usingizi. Mtu hawezi kukesha usiku baada ya usiku, kisha aamke aende kazini, akiambiwa avumilie mlio uliowekwa makusudi ili usiweze kuvumilika. Kumwacha katika hali hiyo ni kumsukuma akizime, na kumwadhibu baadaye kwa kukizima si haki.

Zipo nchi zilizoliona jambo hili na kuliandikia sheria. Uingereza, kwa upande wa England, iliweka mwaka 2015 kanuni zinazomtaka mwenye nyumba awe na king'ora cha moshi katika kila ghorofa inayokaliwa na ahakikishe kinafanya kazi siku upangaji unapoanza. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 kanuni hizo zikaongezewa wajibu wa kukitengeneza au kukibadilisha mara anapoarifiwa na ikathibitika kuwa ni kibovu. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, tangu tarehe 1 Januari 2022 nyumba za kupanga zinatakiwa ziwe na ving'ora vya ile aina inayotambua moshi kwa mwale wa mwanga, vilivyounganishwa pamoja, na mwenye nyumba anapaswa kuvijaribu na kuvisafisha ndani ya siku 30 kabla ya upangaji kuanza au mkataba kufanywa upya. Ninachokipenda katika sheria hizo ni kwamba zinaitambua taarifa ya mpangaji. Kabla ya nyongeza ile ya 2022, mwenye nyumba wa England angeweza kusema kwamba siku ya kukabidhi funguo king'ora kilikuwa kizima, na kanuni zile zisimdai zaidi. Sasa ujumbe wa mpangaji ndio unaoanzisha wajibu wake.

Kwa sababu hiyo namsihi kila mpangaji, popote alipo na iwe sheria ya kwake inasemaje, atoe taarifa kwa maandishi. Simu husahaulika na maneno ya mlangoni hukanushwa. Ujumbe mfupi unatosha, mradi utaje chumba, aina ya mlio, saa unapotokea, hali ya ile taa ya kijani, na tarehe ya kutengenezwa kama inaonekana bila kukifungua kifaa. Video fupi yenye sauti ina nguvu kuliko maelezo marefu, na inamaliza kabisa ule ubishi wa "mbona mimi sijasikia". Huku akisubiri, yapo mambo anayoweza kuyafanya bila hatari: kubonyeza kitufe cha majaribio, kunyonya vumbi kwenye matundu kwa mashine ya kufyonzea vumbi, kufungua madirisha wakati wa kupika, kuangalia kama swichi ya king'ora imejizima. Betri ya akiba, kama mtengenezaji ameiweka mahali pa kubadilishwa na mkataba unamruhusu, anaweza kuibadilisha baada ya kuzima umeme wa kifaa hicho kwenye boksi. Ving'ora vingine huwa na betri iliyofungiwa ndani moja kwa moja, ambayo haibadilishwi. Hivyo hubadilishwa vyenyewe. Kinachohusu nyaya ni cha fundi umeme aliyehitimu, na nasisitiza hilo kwa kuwa nimeona vijana wakipanda juu ya viti na koleo mkononi kwa sababu tu wamechoka kungoja.

Mwenye nyumba naye ana jambo moja anaweza kulifanya siku hiyo hiyo, hata kama fundi hapatikani hadi wiki ijayo. Apeleke king'ora cha betri kinachojitegemea, akitundike karibu na kile kibovu, kisha kile kibovu kitolewe kwa utaratibu na swichi yake izimwe na kuandikwa ilani. Ving'ora vya betri ni vifaa vya gharama ndogo ukilinganisha na king'ora cha umeme, achilia mbali nyumba. Kwa njia hiyo familia inalala, nyumba inabaki na ulinzi, na fundi anapata muda wa kufanya kazi yake vizuri. Sioni kwa nini mpango huu usiandikwe katika kila mkataba wa upangaji: nani apigiwe simu, hata usiku, king'ora cha muda kifike lini, fundi afike ndani ya siku ngapi, na mpangaji apewe nakala ya hati ya fundi inayoonyesha kilichobadilishwa na tarehe ya kutengenezwa kwa kifaa kipya.

Wapo watakaoona ninakuza jambo, kwa kuwa mifereji ya maji iliyoziba na vitasa vilivyovunjika navyo husubiri. Ninawajibu kwamba katika moto wa nyumbani moshi huua watu wengi kuliko ndimi za moto, na aliyelala usingizi mzito hawezi kutegemea pua yake imwamshe. Hewa ya monoksidi ya kaboni iliyomo ndani ya moshi haina harufu, na humlegeza mtu kabla hajajua kinachomtokea. Muda wa kutoka nje ukiwa hai huhesabiwa kwa dakika chache, na kifaa pekee kinachoweza kuzianzisha dakika hizo mapema ndicho hicho kinachoachwa kikilia bila kujibiwa.

Ombi langu kwa vyama vya wapangaji na vya wenye nyumba ni kwamba wakae pamoja waandike kifungu hicho cha mkataba kwa lugha nyepesi, bila kungoja sheria iwalazimishe. Kwa vikosi vya zimamoto, naomba wanapokagua nyumba za kupanga wasiishie kuhesabu ving'ora vilivyo darini, bali wavijaribu vyote na wasome tarehe zilizo mgongoni mwake. Na kwa mpangaji anayesoma barua hii huku dari yake ikiwa na kitako kitupu cha king'ora kilichofichwa kabatini, naomba amwandikie mwenye nyumba leo kabla ya kulala, aambatanishe picha ya kitako hicho, na aulize kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka fundi anakuja siku gani, na king'ora cha muda kinaletwa saa ngapi.

Wako,
Mpangaji na msomaji wa gazeti hili